Nilivyoagwa Nikabaki

Mie ni mtu wa ndani. Nalisema hili bila haya, maana mtaani kwetu Mwananyamala walishanisema mpaka wakachoka wenyewe. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikuwa Kariakoo wanauza mitumba, mmoja alikuwa na kibanda cha video anaonyesha picha za ngumi kwa kiingilio, mwingine alisemekana amezamia meli na yuko Durban. Mie, kijana wa kiume mwenye ndevu zake, nilikuwa uani napepeta mchele na mama huku nasikiliza redio. Mama mkubwa, dada yake mama tuliyekuwa tunaishi naye, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba yetu inashikiliwa na nguzo nyingi, zote za mti isipokuwa moja ya nyama.

Redio ndiyo iliyoniponza. Asubuhi moja, kwenye matangazo madogo baada ya habari za vifo, walisema shirika moja la kuhudumia wakimbizi linatafuta vijana waliosoma sekondari, wa kujitolea kwa miezi mitatu kwenye kambi za Kigoma. Watu walikuwa wanavuka ziwa kukimbia vita kwao, wengi wakisema Kiswahili, na walihitajika wa kuwasikiliza na kuwaandikisha. Atakayefanya vizuri huenda akaajiriwa. Enzi hizo mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu, siyo kuongeza, na mie nilikuwa nimeshazoea kuomba kazi na kukosa. Nikaandika barua kwa amani kabisa, kama mtu anayeposa binti wa waziri, nikijua sitajibiwa.

Wakanijibu.

Ofisi ilikuwa Kinondoni, kwenye nyumba ya kupanga yenye bustani iliyokauka. Aliyenipokea alikuwa mama mmoja wa bara, mrefu, anayeongea taratibu kama anayekupimia sukari. Akanieleza kwamba wao watanipa kazi na mahali pa kulala. Nauli ya treni, chandarua, viatu vya mvua na chakula cha miezi yote mitatu ni juu yangu. Wenzangu, alisema, wamechangiwa na jamaa zao na makanisa yao. Akaniuliza kama na mimi nina watu. Nikasema ninao. Nilipofika getini nikaanza kuwahesabu hao watu kichwani, na hesabu ikaishia kwa mama na mama mkubwa.

Nilijaribu kuchangisha mwenyewe. Nilipewa kadi ya ofisi yenye muhuri, nikapita nayo barazani kwa watu, jasho linanitiririka kama niliyeiba kuku. Kila niliyempa aliisoma mpaka mwisho, halafu akaniuliza ninamwoa nani. Mtaani kadi ya mchango ilikuwa ya harusi, au ya msiba basi. Kuchangia mtu aende kumsaidia mtu mwingine, ambaye hata hamjui, hilo halikuwa na kadi yake. Fundi cherehani wa kona alinirudishia kwa huruma akaniambia nikishapata mchumba nimletee tena. Muuza duka akaahidi. Wa pembeni yake naye akaahidi. Nilirudi nyumbani tajiri wa ahadi.

Nilimwambia mama kwamba naona tuliache. Na nikiri, moyoni nilihisi nafuu fulani. Kigoma ni mbali. Mie nikilala Temeke kwa mjomba usiku mmoja tu, tumbo linafunga.

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nitaita watu wangu."

Mama mkubwa akaacha alichokuwa anafanya.

Lazima nieleze hapa, maana bila hili hakuna linaloeleweka. Wanawake wa kwetu wana shughuli zao. Mwenzao akioza, au akimtoa mwali, wanakwenda kumtunza: wanaingia wakicheza, mmoja na khanga mpya, mwingine na beseni, mwingine na noti amezibana kwenye kijiti kama bendera. Mwenye shughuli anakumbuka kila kitu, nani alileta nini na alikileta kwa mbwembwe gani. Siku ya yule mwingine ikifika naye anamrudishia, na nyongeza juu. Mama alikuwa ametunza wenzake tangu mie nasoma chekechea. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta peke yake alikuwa na mabinti wanne, na wote wanne mama aliwachezea. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kuwa na shughuli hata moja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, tena wa kiume, tena huyu. Marejesho yake yote yalikuwa yanasubiri harusi yangu, na yanarudi mara moja tu. Ukishayaita, umeyaita.

"Na siku akioa," mama mkubwa akauliza, "utatunzwa na nani? Na paka?"

"Anaoa nani? Huyu?" mama akasema. "Mke atamkuta wapi, dada? Kwenye sufuria?"

"Mungu akimleta je?"

"Akimleta atamleta huku uani maana mwanao hatoki. Wenzangu wanahamia Boko, wanahamia Mbweni, wengine wanakufa. Nisubiri mpaka nitunzwe na wajukuu zao? Mtoto kapata jambo. Mie naita watu."

Nikataka kusema kwamba mtoto hana uhakika na jambo lenyewe. Mama alikuwa ameshairudia nazi yake. Kuanzia jioni ile nilikuwa nabeba kitu kifuani, kama nimemeza punje ya mahindi haishuki. Hapo mwanzo nikishindwa kwenda nimeshindwa mimi. Sasa nikishindwa, mama atakuwa amemaliza shughuli yake ya maisha kwa safari ambayo haikuwepo, na Mwananyamala nzima itakuwa na la kusema mpaka atakapozikwa.

Shughuli ikafanyika. Turubai likafungwa uani, muziki ukakodiwa, spika zikaelekezwa kwa majirani. Mama alivaa doti mpya na wanja, sijawahi kumwona hivyo, akawa kama dada yangu. Nilikuwa nimejificha chumbani nikidhani kazi yangu imekwisha, mama mkubwa akaja kunitoa. Walitaka nikalishwe kwenye kiti katikati ya mkeka, na kanzu na kofia, kwa kuwa shughuli lazima iwe na wa kutazamwa. Basi nikakaa pale, mwanamume peke yangu, kama mwali aliyeota masharubu. Wakanicheza weee. Mmoja aliniinua kidevu akawauliza wenzake kama nimefundwa. Mwingine akasema nimefundwa zaidi ya binti yake, maana mchele nipepete mimi, nazi nikune mimi, limebaki kuolewa tu. Nilicheka nao huku nikiangalia beseni katikati ya mkeka likijaa, na kila kilichoingia mle nilikiona kinanifunga mguu.

Jirani yetu, yule wa mabinti wanne, alikuja mwisho. Watu walikuwa wanamsubiri, kwa kuwa yeye ndiye aliyekula cha mama kuliko wote. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na hajawahi kukubali kushindwa jambo. Aliingia na blanketi zito, koti la mvua, na sanduku jipya kichwani, anacheza nalo bila kulishika. Akalitua mbele ya mama, akamwashiria mpiga muziki azime.

"Nakurudishia, mwenzangu, na nyongeza," akasema ili wote wasikie. "Wanne kwa mmoja. Sasa mwanao aende. Nisije nikamwona kwenye kona hiyo kesho kutwa."

Wakapiga vigelegele. Mama naye akapiga.

Na siku ya safari ikafika, siku niliyopangiwa na ofisi. Fedha za nauli nilikuwa nimeshazipeleka, wao ndio waliokata tiketi zetu sote. Dua ikasomwa asubuhi, wanawake wakanisindikiza mpaka barabara kubwa na sanduku langu, wanaimba. Nililia. Watu walidhani ni uchungu wa kumwacha mama, na kwa kiasi ilikuwa hivyo.

Nilipofika ofisini nikawakuta wenzangu wamekaa juu ya mizigo yao bustanini. Mama wa ofisini akatueleza, taratibu, kwamba mvua imesomba reli huko mbele ya Morogoro na treni hazitembei. Labda wiki moja, labda mwezi. Turudi majumbani tusubiri. Halafu akaongeza jambo lililoninyima usingizi tangu siku hiyo: kazi kambini haiwezi kusubiri, na kama njia itachelewa, huenda nafasi zetu wakapewa vijana walioko Kigoma kwenyewe.

Wenzangu walirudi makwao. Mmoja wa Boko alipanda basi anapiga mluzi. Nilimwonea wivu. Kwao walimchangia kanisani, wakamwombea, akirudi watamwombea tena. Mie nilikuwa nimetunzwa. Ukishachezewa, ukasomewa dua, ukasindikizwa na nyimbo, huwezi ukaonekana mchana unanunua vitumbua.

Nilikaa kwenye bustani ile mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Nikavizia magharibi, wanaume wako msikitini na wanawake wako ndani, nikapita vichochoroni na sanduku langu na kuingia kwa mlango wa uani. Mama alikuwa anakaanga samaki. Aliniangalia, akaangalia sanduku.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

Nilipomaliza kumweleza, samaki walikuwa wameungua. Mama mkubwa aliketi kwenye kinu. Hakuna aliyelaumu mtu. Mama akaenda kulifunga dirisha la chumba changu kilichotazama njia.

"Wewe umeshakwenda," akasema.

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kujitolea, chumbani kwangu. Mtu angedhani kwa mpenda ndani kama mie ile ni likizo. Sikupata kuichukia nyumba yetu kama siku zile. Nilikula nikisikiliza, nililala nikisikiliza, kila hodi ikinirusha moyo. Redio niliwekewa chini kabisa, sikio kwenye spika, nikisubiri habari za reli. Mama mkubwa ndiye pekee aliyefurahi kidogo. Kila mlo ukiiva alikuwa akimwuliza mama kwa sauti ya chini, "Mkimbizi wetu ameshapewa?"

Balaa kubwa lilikuwa choo. Choo kilikuwa mwisho wa uani, na ukuta wa jirani ulikuwa mfupi wa kufikia kifuani. Tukashauriana, ikaonekana hakuna namna, niwe natoka kwa baibui la mama, uso nimeufunika. Mama ni mfupi. Baibui liliishia kwenye magoti yangu, na chini likafuatiwa na khanga, na chini ya khanga miguu yangu mimi. Nilijifunza kutembea hatua ndogondogo, nimeinama kama bibi mwenye kiuno. Siku moja asubuhi, nikiwa katikati ya uwanja na kopo la maji mkononi, nikasikia sauti ya jirani juu ya ukuta.

"Shikamoo, bibi."

Nikatikisa kichwa, nikazidi kuinama.

"Mgeni wenu haitikii?" akamwuliza mama.

Mama akasema ni shangazi yake marehemu baba, ametoka Mafia kutibiwa macho hapo hospitali, na masikio nayo si mazuri. Jirani akasema pole sana. Akasema mbona ni mrefu. Mama akasema ukoo wao wote warefu. Nilikaa chooni muda ambao shangazi yeyote angekuwa ameshafariki humo.

Kesho yake jirani akaleta uji wa mgeni. Kesho kutwa akaleta supu ya pweza, akasema inatia nguvu kwa wazee. Mama aliipokea mlangoni kwa mikono miwili. Mimi niliinywa chumbani, nisijue yule mwanamke anajua au hajui.

Na habari zangu zilikuwa zinaulizwa. Bombani, sokoni, msibani, mama alikuwa akisimamishwa aulizwe nimefikaje. Kwanza alikuwa akijibu kwa kifupi, nimefika salama. Lakini watu hawaridhiki na salama. Akaongeza kwamba kule ni baridi. Akaongeza kwamba lile blanketi ndilo lililoniokoa, ili jirani asikie. Siku moja, niko nyuma ya dirisha lililofungwa, nikamsikia anawaeleza wanawake wawili jinsi nilivyompokea bibi mmoja aliyetoka kwenye mtumbwi na wajukuu, nikambeba mgongoni. Sauti yake ilianza ya uongo. Kufika katikati ikawa ya mtu anayesadiki. Mmoja akasema Mungu amhifadhi mtoto huyo. Mie nilikaa chini ya dirisha nimeshika magoti. Niliogopa kwamba nafasi imeshapotea. Niliogopa pia kwamba haijapotea, na kwamba bibi wa namna hiyo yuko kweli, anashuka kwenye mtumbwi wa kweli, na atakayemkuta hapo ni mie ninayeogopa kwenda chooni.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa anakwenda ofisini kuuliza. Mara mbili alirudi na bado. Mara ya tatu alirudi mbio, khanga imemtoka kichwani, akasema kuna lori. Reli ilikuwa haijapona, lakini lori la shirika lilikuwa linapeleka mablanketi na sabuni mpaka Dodoma, na kutoka huko treni zipo. Lilikuwa na nafasi za watu wachache. Kesho saa mbili asubuhi. Asiyefika, nafasi yake anapewa mtu wa Kigoma, na mama wa ofisini amesema hataki kusikia habari ya foleni wala ya mgonjwa.

"Saa mbili mchana kweupe," mama akasema.

"Ndiyo, asubuhi."

Tulitazamana. Kutoka kwetu hadi barabarani, hata ukipita vichochoroni, utatokea bombani tu, na bombani saa hiyo ya asubuhi kuna mtaa mzima na ndoo zake. Mama mkubwa akashauri nitoke alfajiri, lakini alfajiri watu wanakwenda kuswali, na sanduku ni lilelile lililochezewa, jekundu, hakuna asiyelijua. Mama hakulala vizuri, nilimsikia akigeuka. Asubuhi akaniletea baibui, limekunjwa vizuri, akaliweka juu ya sanduku. Hakunitazama usoni.

Nililishika. Nikajiona napanda lori la mablanketi mbele ya wenzangu nikiwa shangazi wa Mafia. Nikaona pia mama anavyosimama bombani kesho yake na kila siku baada ya hapo, wakiwa wanajua. Sijui ningefanya nini kama mama mwenyewe asingenipokonya lile baibui, akalitupa kitandani, na kunyanyua sanduku.

"Twende," akasema. "Wakicheka wacheke nipo."

Tulitoka kwa mlango wa mbele. Jua lilinipiga machoni, nilikuwa sijaliona sawasawa kwa muda. Mama akiwa mbele na sanduku kichwani, mie nyuma yake, mama mkubwa nyuma yangu kama askari wa mahabusu. Bombani maongezi yalikatika moja baada ya jingine, mpaka ikabaki sauti ya maji kwenye ndoo, na ndoo nayo ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga.

Jirani yetu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alinikagua kuanzia viatu. Akajifuta mikono kwenye khanga, bila haraka hata kidogo.

"Karibu tena, mwanangu," akasema. "Umerudi lini?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mbele, shingo ngumu chini ya sanduku.

"Shikamoo. Jana," nikasema.

"Marahaba. Wakimbizi hawajambo?"

"Hawajambo. Wanawasalimu."

Mmoja akakohoa ndani ya khanga. Mwingine akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Na shangazi yako? Macho?"

"Yamepona."

"Alhamdulillahi. Supu ile ilimfaa." Akaisogeza ndoo yake pembeni, akamwambia aliyemfuata amshikie foleni. "Na sasa unakwenda wapi tena?"

"Kigoma," nikasema. "Nimeitwa tena."

"Basi safari hii nakupeleka mwenyewe. Nikuone kwa macho yangu unaondoka." Akalichukua sanduku kichwani kwa mama, akalipandisha kichwani kwake. "Mie nimesharudisha, tena na nyongeza. Sirudishi mara mbili."

Hapo ndipo bomba zima likapasuka kwa kicheko, na mama naye, baada ya kupambana na midomo yake kidogo, akacheka mpaka akajishikiza kwenye nguzo ya umeme. Mie sikucheka. Nilikuwa naangalia saa ya muuza duka kupitia dirishani.

Tulifika lori limeshapakiwa. Mama wa ofisini aliita jina langu, nikaitika, akaweka alama, kwisha. Nilipanda nikakaa juu ya marobota ya mablanketi pamoja na yule kijana wa Boko. Dereva akawasha, likagoma. Akashuka, akafungua boneti. Tulikaa pale muda, jua linapanda. Getini palikuwa wazi. Ningeweza kusema nimesahau kitu. Ningeweza kusema tumbo, na isingekuwa uongo.

Nikachungulia nje ya turubai. Wote watatu walikuwa wamesimama pale chini ya ukuta, mama, mama mkubwa na jirani, wamekunja mikono. Mlinzi aliwaletea benchi. Walilikataa. Jirani aliniona nachungulia, akanionyesha kwa kidole nirudi ndani nikae.

Nikarudi nikakaa.